Mishumaa ya kumimina ndani ya vikombe vya kikale kwa meza za harusi (Lamu): nta gani, utambi gani?

BintiLangoni

Assalaam aleikum wana jukwaa. Naomba wajuzi wa mishumaa mnisaidie.

Mdogo wangu anaolewa Mfunguo Pili (mwezi wa pili baada ya Ramadhani) inshaallah. Usiku wa kupamba tumekodi ukumbi wenye meza, hatukai chini kwenye mikeka safari hii. Meza ni 20. Mama na shangazi wana vikombe vya chai vya kauri vya zamani, vile vyembamba vyenye mawaridi na ukingo wa dhahabu. Vingine vimepoteza visahani, vingine vimebaki kimoja kimoja tu kabatini. Nimewaza kumimina nta ndani, kutia utambi, kuweka viwili kila meza na kuzungushia asmini kwenye kisahani.

Sasa: nta gani haitalegea kwa joto letu hili? Ile mishumaa myeupe ya pakiti ya dukani naweza kuiyeyusha nikaitumia? Ninunue kiasi gani? Na vikombe havitapasuka? Shangazi ameshaniambia kikipasuka hata kimoja nisimwamkie.

FundiNta_Mld

Waaleikum salaam dada, hongereni sana. Mimi humimina mishumaa huku Malindi, wateja wangu ni hoteli na watu wa harusi. Umeanza na nta, mimi nitaanza na kikombe.

Kikombe cha chai juu ni kipana na chini ni chembamba. Utambi unaoweza kuyeyusha nta ya juu hadi ukingoni unakuwa mkubwa mno moto ukishuka chini. Huko chini moto uko karibu na kauri, unaipasha upande mmoja, na hapo ndipo vikombe vingi hupasuka. Watu wanaogopa wakati wa kumimina, lakini hatari kubwa iko mwishoni, saa ambayo kila mtu anacheza na hakuna anayetazama meza. Kwa hiyo kubali tangu mwanzo kwamba mshumaa wa kikombe hauwaki hadi mwisho. Ikibaki nta ya kimo cha sentimita moja na nusu, zima.

Vikague kimoja kimoja. Gonga kwa ukucha: kizima hulia, chenye ufa sauti yake butu. Halafu jaza maji ya moto (si ya kuchemka), kiweke juu ya karatasi kavu nusu saa. Karatasi ikitota, hicho kiwe cha maua. Ukiona mtandao wa nyufa ndogondogo za rangi ya chai juu ya ung'aro (ule utando wa kung'aa wa kauri), na hakivuji, unaweza kukitumia kwa nta nyeupe. Nta ya rangi itapenya mle na haitoki tena. Na kikombe kilichowahi kuungwa kwa gundi usikiguse kabisa.

Nta sasa. Za kawaida ni tatu. Ya parafini ya kumiminia huyeyuka kati ya digrii 50 na 58 hivi, inategemea aina. Ya soya iko karibu na 50. Ya nyuki ni 62 hadi 64. Machi joto la Lamu hufika 32 na kuzidi, kwa hiyo hakuna itakayoyeyuka mezani, lakini ya soya hulegea na kutoa jasho la mafuta juu, hasa ikiwekwa stoo yenye paa la mabati. Mimi kwa pwani hutumia parafini iliyotiwa stearini kidogo ili iwe ngumu, au nta ya nyuki. Wafugaji nyuki wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wanauza asali, na ukiwauliza mapema wanakuwekea nta. Huwa ina takataka, utaichuja kwa kitambaa ikiwa moto.

Mafuta ya nazi peke yake usijaribu. Yanaganda chini ya digrii 24, na joto la Lamu mchana liko juu ya hapo. Lakini nta ya nyuki sehemu tatu kwa mafuta ya nazi sehemu moja huenda vizuri, inapunguza ugumu na nta haipasuki ikipoa.

Mishumaa ya pakiti inayeyushwa, nta yake ni parafini. Tatizo ni utambi wake. Umepimwa kwa mshumaa wa upana wa sentimita mbili. Ukiuweka peke yake ndani ya kikombe cha sentimita saba utachimba shimo katikati na kujizamisha. Tia mbili, uziache sentimita mbili na nusu kati yake, au nunua utambi mnene wa pamba wenye kitako cha bati. Kipimo chetu ni hiki: nta ya juu iyeyuke hadi ukingoni kwa saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana. Kikombe cha sentimita 7.5 kichukue saa tatu hivi. Kikifika kabla ya saa mbili, utambi ni mkubwa. Kikishindwa baada ya saa nne, ni mdogo. Jaribu kwa kikombe cha jikoni kisicho na mwenyewe kabla ya kugusa vya shangazi.

BintiLangoni

Mashaallah, kaka umenifumbua macho. Kiasi je? Na nikitaka vinukie?

FundiNta_Mld

Pima ujazo kwa maji. Kikombe cha kawaida ukikijaza theluthi mbili ni mililita 100 hivi, na nta ni nyepesi kuliko maji kidogo, kwa hiyo gramu 90. Vikombe 40 ni kilo 3.6, nunua nne. Usijaze hadi juu. Kikombe kilichojaa kinamwagika mtu akikisogeza, na ukuta unaobaki juu ya nta unakinga mwali na upepo.

Kuyeyusha: chombo cha nta ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo. Usiweke nta moja kwa moja juu ya jiko hata kama una haraka. Ikipata moto kupita kiasi inawaka yenyewe, na ikiwaka USIMWAGE MAJI. Maji yanageuka mvuke mara moja na kurusha nta inayowaka jiko zima. Funika kwa mfuniko, zima gesi, subiri.

Chovya tambi kwanza ndani ya nta ya moto, zinyooshe, ziache zikauke. Kitako kishikishe chini kwa tone la nta, ncha ya juu uibane kwa kibanio cha nguo kilicholazwa juu ya kikombe. Pasha vikombe joto kidogo kwa maji ya uvuguvugu, vikaushe kabisa. Parafini imimine ikiwa digrii 75 hivi, polepole. Baada ya saa moja utaona shimo limezama kuzunguka utambi, maana parafini hunywea ikipoa. Toboa kidogo kwa njiti ya mshikaki kando ya utambi, kisha mimina mara ya pili ujazie. Hiyo ya pili ndiyo inayofanya uso uwe laini. Watu wengi huruka hatua hii halafu wanashangaa kwa nini mishumaa yao ina kitovu.

Kuhusu harufu, tumia mafuta ya manukato ya mishumaa, asilimia 6 ya uzito inatosha. Usitie marashi ya mawaridi yale ya kunyunyizia, ni maji, yatatua chini na utambi utarukaruka na kuzima. Rangi ya chakula nayo ni vivyo hivyo, haichanganyiki.

Ukhti_Mkomani

Ukhti kwa nini harufu tena? Usiku wa kupamba kuna udi kwenye chetezo, kuna vikuba, kila mwanamke anaingia na halud yake. Ukiongeza vanila ya mshumaa hapo watu wataumwa na kichwa. Na mezani kuna biriani. Mshumaa wa chakula usinuke kitu. Hata hoteli kubwa hufanya hivyo.

FundiNta_Mld

Naunga mkono. Mimi nilimjibu tu alichouliza.

NahodhaMstaafu

Mnazungumza kama upepo haupo. Ukumbi gani huo? Kama ni wa darini au wa wazi upande wa bahari, kusi ikiwa imeshika hakuna mshumaa utakaokaa. Na kama ni wa ndani, je feni? Wanawake mia mbili, joto, mapangaboi yote yanazunguka kwa kasi ya mwisho. Mwali unalala upande mmoja, nta inayeyuka upande huo, moshi mweusi unapaka kikombe.

BintiLangoni

Ni wa ndani, feni zipo. Ami umenipa wazo ambalo sikulifikiria. Tutaomba feni za juu ya meza zizimwe wakati bibi harusi anaingia, ziwashwe baadaye. Si zaidi ya nusu saa.

Mpambaji_Casuarina

Dada, kama mishumaa inahitajika kuwaka kwa nusu saa ya kuingia bibi harusi na labda saa mbili za chakula, mbona unamimina gramu 90? Mshumaa wa ukubwa huo unakula kama gramu 5 hadi 7 kwa saa. Saa nne hazifiki hata gramu 30. Nta inayobaki ni ya kukwangua tu siku ya pili.

Mimi ni mpambaji, na kwa vikombe vya wenyewe nina njia nyingine. Mishumaa midogo ya kikopo cha bati, ile ya duara bapa. Ina gramu 12 hadi 15 na huwaka karibu saa nne. Jaza kikombe chumvi ya mawe hadi theluthi mbili, zamisha mshumaa mdogo juu yake hadi kikopo kisionekane. Chumvi haishiki moto, ni nyeupe, inang'aa mwali ukiipiga, na kauri haipati joto. Huku kwetu chumvi inatoka Gongoni na Marereni, si ghali. Jaza siku hiyo hiyo tu, hewa ya bahari huitotesha ikilala usiku mzima.

Wengine hutumia mchanga. Ukitaka mchanga usiuchukue kwenye machuguu (vilima vya mchanga) ya Shela tafadhali. Hayo ndiyo yanayochuja na kuhifadhi maji matamu mnayokunywa huko.

Ukhti_Mkomani

Ahsante kwa hilo la Shela. Kuna watu wanachota magunia.

FundiNta_Mld

Mpambaji hesabu zako ni sawa na chumvi ni njia salama, sikatai. Lakini tofauti inaonekana. Kikombe cha nta ya kumiminwa kikiwaka, mwanga unapita kwenye kauri nyembamba na maua yanaonekana kwa ndani. Cha chumvi kinabaki kizito, mwanga unaishia juu. Kama kauri ni ile nene ya kawaida basi hakuna hasara, weka chumvi. Kama ni nyembamba mpaka ukiishika juani unaona kivuli cha kidole chako, kumimina kunalipa.

Mpambaji_Casuarina

Kweli, lakini wewe hukai na wenye vikombe siku ya pili, mimi hukaa nao 😂

Bibi_wa_Zidaka

Wanangu, nasoma haya nachekea ndani. Yeo mnanunua nta kutoka mbali ili kuwasha moto ndani ya kikombe, na njia ya zamani ipo.

Kabla ya umeme tulikuwa na taa za mafuta. Twaa kikombe, tia mai hadi theluthi mbili, mimina mafuta juu yake, ya nazi au ya simsim, kimo cha sentimita moya. Mafuta yanaelea. Kata kipande chembamba cha kizibo cha chupa, kivike karatasi ya fedha ile ya kufungia chakula, toboa katikati, pitisha utambi wa pamba uliousokota mwenyewe. Kiweke kielee. Ukiwasha, mwanga unatulia na mai ya chini yanawaka kama dhahabu. Mafuta yakiisha utambi unagusa mai, unasema chwii, unazima wenyewe. Kikombe hakipati joto kwa sababu kuna mai chini. Na mafuta ya nazi kwa joto hili letu hayagandi, yule kijana wa Malindi kasema sawa, hayafai mshumaa lakini kwa taa ndiyo yake hasa.

Ukitaka pambo zaidi, tupa asmini mbili ndani ya mai kabla ya mafuta. Zinaonekana chini.

Jambo la pili. Meza mnazo, sawa. Lakini usiku ule nyumbani, watu wakikaa chini kwenye mikeka na masinia, msiweke moto chini. Buibui, leso, mtandio wa hariri, watoto wanaruka. Nyumbani kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimejengwa kwa chokaa, haziungui. Zilikuwa mahali pa kauri tangu hapo. Weka vikombe vyenu humo, juu, mtu anakaa akitazama. Ila punguzeni utambi usizidi nusu sentimita, ukiwa mrefu unatoa masizi na chokaa nyeupe itaingia doa ambalo halitoki ila kwa kupaka upya.

BintiLangoni

Bibi shikamoo! Hii ya mafuta nimeijaribu sasa hivi jikoni kwa kikombe cha kawaida na mafuta ya nazi ya mama. Imekubali mara ya kwanza. Mama ametoka chumbani kuuliza kuna nini, umeme umepotea?

Bibi_wa_Zidaka

Marahaba mwanangu. Mwambie asikuzimie.

NahodhaMstaafu

Taa ya bibi ni nzuri lakini mezani itakuwa hatari kuliko nta. Mtu akigonga meza, maji na mafuta yote yanamwagika juu ya kitambaa, na utambi unawaka. Kwenye zidaka sawa. Mezani hapana.

Mpambaji_Casuarina

Hapo nakubaliana na ami. Na kama kuna makuti popote karibu, hata baraza la nje tu, hakuna mwali wa wazi, weka mishumaa ya betri na usione haya. Makuti makavu yakishika moto hakuna anayeyawahi. Hoteli nyingi huku Malindi hazikuruhusu hata ukilipa.

Kaka_wa_Mokowe

Swali la usafiri. Kama unamiminia nyumbani Lamu sawa. Lakini kama unaagiza kwa fundi wa Malindi, mishumaa inakuja kwa basi hadi Mokowe halafu boti. Buti la basi mchana ni tanuri. Nimewahi kubeba sanduku la mishumaa ya mteja, ilifika imeinama yote.

FundiNta_Mld

Kwa sababu hiyo siuzi vikombe vilivyokwisha miminwa kwenda Lamu. Nauza nta ya vipande na tambi, mtu anamimina mwenyewe. Nta ikilegea ndani ya gunia si kitu, utaiyeyusha hata hivyo. Na vikombe visafiri mapema asubuhi, vitupu, kila kimoja ndani ya leso.

DadaWaHindi_Kampala

Mimi nipo mbali lakini nimefuata uzi. Hivi dhahabu ya ukingoni haiharibiki na nta? Mama yangu ana seti moja ya kikale na ananikatalia kabisa, anasema ni dhambi kutia mshumaa ndani ya kikombe cha chai.

Mpambaji_Casuarina

Nta yenyewe haili dhahabu. Kinachoiondoa ni kusugua kwa sponji ya chuma, dawa kali ya kuondoa madoa, na kisu cha kukwangulia nta. Usiviweke kwenye maikrowevu pia ili kuyeyusha mabaki, dhahabu itarusha cheche.

Lakini mimi niko upande wa mama yako kidogo. Seti kamili yenye visahani vyote, birika na kikombe cha sukari, iache. Itatumika kunywea chai na wajukuu. Vinavyofaa mishumaa ni mayatima: kikombe kisicho na kisahani, kisahani kisicho na kikombe, chenye mkono uliovunjika. Vikombe visivyofanana ndivyo vinavyopendeza mezani, watu wanaanza kuulizana hiki kilikuwa cha nani. Huku Malindi wageni wa Kiitalia wakiuza nyumba huacha vyombo vingi, ukipita maduka ya vitu vilivyotumika utapata. Mombasa kuna soko la Kongowea.

BintiLangoni

Mayatima 😂 Shangazi kakubali baada ya kusomewa hiyo. Amenitolea kumi na vitatu visivyo na visahani, pamoja na vya kahawa vidogo visivyo na mkono. Seti ya mawaridi imerudi kabatini na ufunguo ameuficha.

Tulivyokubaliana: mezani vikombe vyembamba vitatiwa nta nyeupe isiyonukia, vinene vitatiwa chumvi na mishumaa midogo. Nyumbani kwenye zidaka ni taa za mafuta za bibi. Vikombe vya kahawa naona ni vidogo mno kwa nta.

FundiNta_Mld

Vya kahawa vinafaa. Upana wake ni sentimita tano au sita, utambi mmoja wa mshumaa wa pakiti unaweza kutosha, jaribu. Vitawaka saa tatu nne kisha vizime. Viweke juu ya kisahani daima, havina mkono na vinapata joto.

Na mteue mtu. Si utani. Dada mmoja ambaye kazi yake usiku huo ni moto tu: awashe, apunguze tambi, azime kabla chakula hakijaondolewa. Awe na blanketi la sufu au taulo nzito iliyoloweshwa maji karibu. Asizime kwa kupuliza, azime kwa kijiko au kwa kufunika na kisahani. Hakuna moshi, hakuna nta iliyoruka.

DadaWaHindi_Kampala

Na baada ya harusi nta inatokaje? Maana naona mama ataikagua seti kwa darubini.

Mpambaji_Casuarina

Kikombe kizima kisicho na nyufa: friji upande wa barafu kwa saa moja, nta inanywea na kuachia, unaibonyeza inatoka nzima. Kikombe cha kikale chenye nyufa za ung'aro usikiweke kwenye barafu. Kiweke ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, ongeza ya moto kidogo kidogo. Nta itayeyuka na kuelea, acha ipoe iwe ukoko, uivue. Mabaki ya mwisho yapanguse kwa karatasi kikombe kikiwa bado na joto, ndipo uoshe kwa sabuni.

Maji hayo usimwage kwenye sinki wala kwenye mfereji wa kichochoro. Nta inaganda mbele na kuziba, na jirani wa chini ndiye atakayekujia.

BintiLangoni

Na nta iliyobaki?

FundiNta_Mld

Ichuje masizi na vipande vya utambi kwa kitambaa, iyeyushe tena. Parafini haichakai. Tambi tu ndizo mpya. Nikitumie kilo nne au tano? Basi la kesho asubuhi lina nafasi.

BintiLangoni

Nne. Na tambi hamsini, zenye vitako.